Kinachomnyonya Mwenyekiti

Kijiwe chetu kipo pale ukuta wa ghala unapokata kona, katikati ya bucha na kibanda cha fundi viatu, na mimi ndiye ninayechemsha kahawa hapo, kwa hiyo hii sikusimuliwa na mtu. Benchi letu si la mbao. Ni kiti cha nyuma cha basi, kile kirefu cha watu watano, ngozi yake nyekundu imepasukapasuka na sponji inachungulia. Aliyekileta ni Breki, dereva mstaafu, aliyeliendesha basi hilo miaka ishirini na miwili, na lilipouzwa kama chuma chakavu hakuomba kingine, aliomba kiti tu. Kiti hicho hakioshwi, hakihamishwi, hakianikwi juani. Jioni Breki anakifunika nailoni, asubuhi anakifunua, anakipapasa kwa kiganja kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake. Wanaokikalia kila alasiri ni yeye mwenyewe, na Bucha, ambaye jina lake ni kazi yake, na fundi viatu tunayemwita Daktari wa Soli kwa sababu kila kiatu lazima kwanza akiulize kinaumwa wapi. Wa nne ni mwanangu wa miezi saba. Mimi nikiwa na birika la moto mkononi siwezi kumbeba mgongoni, namlaza kwenye kona ya kiti, ubavu wake wa kushoto umeegemea mgongo wa kiti, analala fofofo, amenyoosha miguu huku wazee wamebanana. Basi wakampa cheo. Wanamwita Mwenyekiti.

Siku hiyo niliyataka maneno yao ya kweli, si ya kuchekesha. Nilikuwa na siku tisa sijalala vizuri, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinamnywa mwanangu damu, na sikijui.

— Daktari, nilisema, hata kahawa sijamimina, Daktari, hebu mtazame huyu mtoto, tazama mkono wake, vimeongezeka.

— Mkono upi?

— Wa kushoto. Na shavu. Na paja. Tazama vilivyojipanga, vitatu, vitatu, kama mtu amepima kwa rula.

Daktari wa Soli akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaushika mkono wa Mwenyekiti kama anavyoshika kiatu kilichoachia gundi.

— Ameng'atwa, akasema.

— Hilo hata mimi nimeliona, bwana! Bucha akadakia. Mama wa watu anauliza kang'atwa na nini.

— Mbu. Kesi imefungwa. Nimiminie.

— Si mbu, nikasema. Ana chandarua, nimekikagua tundu kwa tundu, nimeziba mpaka tundu la ufunguo kwa pamba. Mama mkwe alikuja Jumapili, akamvua nguo, akamgeuza, akaniuliza, hivi wewe nyumba yako unaifagia? Mbele ya mume wangu. Nami nyumba hiyo nimeipiga deki mpaka kucha zimelegea.

— Mbu ni mjanja, Daktari akasema, maana hakutaka kuiacha kesi yake. Kwanza elewa jambo moja. Mbu dume hana habari na damu. Dume anakunywa utamu wa maua, anaishi zake kwa amani. Anayetafuta damu ni jike, na anaitafuta kwa ajili ya mayai. Bila damu mayai hayakui.

— Kumbe ni mama mwenzako! Breki akacheka, akapeleka mkono chini ya shati, akajikuna kiuno. Mwache basi, naye anatafutia wanawe.

— Breki, mimi sicheki, nikasema.

— Nisamehe, binti yangu. Nisamehe. Haya, Bucha, wewe unayeshinda na damu, sema.

Bucha alikuwa na kile chuma chake cha kunolea visu. Huwa anakuja nacho hata kwenye kahawa. Akakipitisha nyuma ya shingo, akakishusha mgongoni, akajikuna taratibu huku amefumba macho, ndipo akasema.

— Kupe.

— Kupe mjini? nikauliza.

— Kupe hana mji wala shamba. Nimeshawachuna ng'ombe wangapi mimi? Nawajua kupe kama ninavyowajua wateja wanaotaka nyongeza. Kupe hana haraka hata kidogo. Anapanda kwenye ncha ya jani, ananyoosha miguu ya mbele hivi, anangoja. Mwezi unapita. Mwaka unaweza kupita, hajala, yupo tu. Siku akihisi pumzi ya mnyama, akihisi joto, anadandia.

— Kama abiria wa mwisho, Breki akasema.

— Kabisa. Na hana nauli. Sasa, mumeo anafanya kazi wapi?

— Kwenye kiwanda cha matofali.

— Si kuna majani pale nje? Basi. Suruali yake ndiyo iliyompa lifti.

Nikafikiri. Niliyasoma haya shuleni, nilifika kidato cha nne na biolojia nilifaulu, tena vizuri, na kitu kimoja nilikuwa nakikumbuka.

— Lakini kupe si anang'ang'ania? Si anabaki pale amejikita siku kadhaa mpaka ashibe? Mimi nimemkagua mtoto mpaka katikati ya vidole, sikumkuta mtu.

— Hao wa zamani, Bucha akasema bila kupepesa macho. Wa sasa wanakula na kuondoka.

— Wamefundishwa na nani?

— Na maisha.

Breki akaomba kikombe cha pili. Alikuwa ametulia, na Breki akitulia hivyo ujue anarudi barabarani kichwani mwake.

— Nyinyi hamjasafiri, akasema. Sikilizeni. Mwaka fulani basi lilichemka, tukasimama penye kinamasi, nikamtuma abiria mmoja akachote maji. Akarudi, tukaondoka, yule bwana amekaa hapahapa, kwenye kiti hiki hiki. Baada ya mwendo wa saa nzima jirani yake anapiga kelele, soksi ya yule bwana imelowa damu. Mwenyewe hana habari, anakula karanga! Kuvua soksi, tukamkuta ruba amenenepa kama kidole gumba.

— Hakuhisi kitu? nikauliza.

— Atahisije? Mate ya ruba yanatia ganzi. Tena yanazuia damu kuganda, ndiyo maana jeraha liliendelea kuchuruzika. Ananyonya, akishiba anaachia mwenyewe, anaanguka, anaenda zake. Mlo mmoja huo, miezi sita hana shida na mtu.

— Miezi sita! Daktari akasema. Mimi ningekuwa hivyo ningefunga kibanda.

— Sasa tatizo, Breki akaendelea, sauti ikapanda kama anabadili gia, tatizo ni maji. Nyumbani kwako mna bomba?

— Tuna bomba uani.

— Umekwisha! Ruba anaingia kwenye bomba akiwa mdogo kama uzi, anakulia humo humo, unafungua maji ya kumwogesha mtoto, anashuka naye anaoga. Mtoto anatakata, ruba anashiba, wewe unasifu sabuni.

Ninyi mnaosoma mnaweza kucheka. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nimesahau kumimina, kwa sababu mtu asiyelala anaamini kila kitu, na wale wazee wanavyoongea, wanaongea kama watu waliokuwepo. Nikaliona bomba letu la uani, nikaona kitu chembamba kinaning'inia. Mwenyekiti akageuka usingizini, akakunja uso, akajikwaruza shavu kwa kile kiganja chake kidogo. Nikamfunika.

— Wote mmekosea, na mimi mwenyewe nilikosea, Daktari wa Soli akasema. Kiatu alichokuwa anakishona alikiweka chini, akawa anajikuna paja kwa mpini wa sindano yake kubwa. Nimelifikiria vizuri. Ni popo.

— Popo wetu wanakula maembe, bwana! Bucha akasema.

— Popo wetu, ndiyo. Lakini ng'ambo ya bahari wapo wanaokula damu tupu, hawali kingine. Nilisoma gazeti lililofungiwa viatu vya mteja. Hanyonyi, mnielewe. Anachana ngozi kidogo kwa meno, halafu analamba, kama paka na maziwa. Na maisha yake ni ya mashaka, maana akikosa damu siku mbili, tatu, amekufa. Unajua anaponea wapi? Mwenzake aliyeshiba anamtapikia kidogo mdomoni.

Bucha akashusha kikombe.

— Hao ni ndugu kuliko ndugu zangu.

— Na wanakumbuka! Aliyekupa jana, kesho akikosa nawe unampa. Mnyimi hapewi.

— Sasa huyo popo wa ng'ambo amefikaje hapa? Breki akauliza.

Daktari alinyoosha kidole gumba nyuma, juu ya bega, kwenye ukuta wa ghala. Sote tukageuka.

— Makontena, akasema kwa sauti ya chini. Mnajua ndani mna nini? Mmewahi kuona likifunguliwa mchana?

— Jana lilifunguliwa mchana, nikasema. Walishusha ndoo za plastiki.

— Ndoo! Popo aning'inie wapi pazuri kuliko kwenye kishikio cha ndoo?

Hapo Bucha akasimama. Alisema haya mambo ya popo na mabomba hayatamsaidia mtoto, mtoto anataka dawa, na dawa anayo. Akaingia buchani kwake, akatoka na chupa ya soda isiyo na karatasi, ndani yake maji meupe mazito, harufu yake ikafika kabla yake.

— Hii ndiyo wanayoogeshea ng'ombe kule ninakonunua. Kupe anakufa, kiroboto anakufa, chawa anakufa, inzi akipita karibu anajuta. Leo jioni, kwenye beseni, mtie mtoto, mpake mpaka kichwani. Kesho ngozi kama ya waziri.

— Kipimo? Daktari akauliza, kitaalamu kabisa.

— Vifuniko viwili.

— Kwa mtoto? Kimoja na nusu.

— Sisi kwenye basi tulimwaga chupa nzima, Breki akasema, na hakuna abiria aliyelalamika.

Wakabishana juu ya vifuniko. Nami nikaipokea ile chupa. Naandika haya mwenyewe na sijifichi, niliipokea, nikaitia kwenye kapu pamoja na nepi za mwanangu, nikapanga kichwani, nikifika nachemsha maji, mume wangu akirudi nitakuwa nimemaliza, na Jumapili mama mkwe akimvua nguo hatakuta kipele. Kuna sauti ndogo iliyokuwa inasema, hii ni sumu, wewe umesoma, unajua ngozi ya mtoto inavyonyonya kila inachopakwa. Niliisikia. Lakini hofu ilikuwa inaongea kwa nguvu zaidi, na hofu ilikuwa na wazee watatu upande wake.

Ndipo akaja yule mama mwenye kiatu kimoja.

Alikuwa anachechemea, kiatu kingine amekishika mkononi, kisigino kimening'inia. Amevaa sare ya bluu ya wahudumu wa nyumba ya wageni, mikono imekunjamana kwa sabuni kama ya mtu anayefua mashuka kutwa. Akasalimia, akampa Daktari kiatu.

— Kinaumwa wapi? Daktari akauliza.

— Kisigino, baba. Nasubiri hapa hapa, narudi kazini.

— Kaa, mama, kaa, Breki akasogea, akampapasia nafasi kwenye kiti. Karibu. Hiki kimekwenda na watu safari ndefu kuliko hizi.

Yule mama akakitazama kiti. Akatazama ile ngozi iliyopasuka, akavuta hewa puani mara moja, mara mbili.

— Ahsante, nitasimama.

— Kwa mguu mmoja?

— Nimezoea.

— Kaa bwana, kiti hakiumi! Bucha akasema, na chuma chake kikawa tena mgongoni.

Hakukaa. Alijiegemeza ukutani, akawa anasikiliza, maana wazee hawakunyamaza. Popo sasa walikuwa wamepata mlinzi wa ghala anayewafungulia mlango, na ruba wa Breki alikuwa amefika hatua ya kutambua sauti ya ndoo. Mimi nikamsogezea yule mama kikombe. Akakishika, hakunywa, alikuwa anamtazama mwanangu.

— Naweza kumwona?

Nikamfunua. Akachuchumaa vile vile na mguu wake mmoja. Akaugeuza mkono wa kulia wa Mwenyekiti. Safi. Akaugeuza wa kushoto. Vitatu, vitatu. Akatazama shavu la kulia, halafu la kushoto.

— Usiku analala wapi?

— Kitandani kwetu, katikati, ndani ya chandarua.

— Wewe na baba yake mmeng'atwa?

— Hata kimoja.

Akatikisa kichwa polepole.

— Na mchana, akauliza, mchana analala wapi?

Jamani. Chuma cha Bucha kilisimama katikati ya mgongo. Mkono wa Breki ulikuwa chini ya shati, ukabaki humo humo, kama umeshikwa unaiba. Daktari wa Soli, ambaye kwa miaka yote niliyomjua hajawahi kukosa neno, alikiinamia kile kisigino, akakitazama kama kimemwuliza yeye. Jibu nilikuwa nalijua, maana mimi ndiye niliyemlaza pale kwa mikono yangu kila siku. Nikamnyanyua mwanangu, nikamkumbatia, nikarudi nyuma hatua tatu.

Breki ndiye aliyeongea kwanza, na sauti haikuwa yake.

— Hiki kiti kimebeba watu, mama. Miaka ishirini na miwili. Kimebeba wagonjwa, kimebeba bibi harusi.

— Sijakisema vibaya, baba. Nimeuliza tu.

Breki akanyoosha mkono kwa Daktari.

— Nipe sindano yako.

— Breki, acha, Bucha akasema, si lazima...

— Nimesema nipe.

Akapiga magoti mbele ya kiti chake, akaingiza ncha ya sindano kwenye mshono, pale ngozi inapokutana na mgongo wa kiti, pale hasa ubavu wa mwanangu unapolala, akaufungua mshono taratibu, uzi kwa uzi. Kwanza tukaona madoa meusi, kama pilipili manga iliyosagwa. Halafu maganda, meupe, mepesi. Halafu wenyewe. Bapa kama punje ya dengu iliyokandamizwa, rangi ya kahawa, wengine wamejaa mpaka wamekuwa wekundu, wamepangana kwenye ule mkunjo kama abiria.

— Kunguni, yule mama akasema. Kule kwangu nikiwakosa wiki moja, wageni wanahama. Harufu ndiyo niliyoisikia.

— Sisi tulidhani ni gundi ya Daktari, nikasema.

— Miaka mitatu mnaisingizia gundi yangu! Daktari akasema, lakini hakuwa na nguvu.

— Lakini kunguni si wa usiku? Bucha akauliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliuliza kama mtu asiyejua. Sasa ni alasiri.

— Wanataka giza na joto. Chini ya mtu aliyekaa pana vyote viwili. Na wana subira hawa, wanaweza kukaa miezi hawajala, wamejibana mahali ambapo hata karatasi haipiti. Ila hapa hawakuhitaji subira. Kila siku mnawaletea wanne.

Kisha akanigeukia mimi, akashusha sauti.

— Usiogope sana. Wanasumbua, wanawasha, lakini si hawa watakaommaliza mtoto. Ile nguo unayomfunikia ukifika ichemshe, na nguo zake zote, na kagua mishono ya godoro kwa tochi, wasije wakawa wamewafuata nyumbani. Mtoto mwenyewe mwogeshe kwa maji na sabuni yake ya kila siku, na ukimwona anavimba zaidi mpeleke zahanati. Basi.

Sabuni yake ya kila siku. Nikalikumbuka kapu. Nikaitoa ile chupa kutoka katikati ya nepi, nikaenda nayo kwa Bucha, nikamtia mkononi, nikavifunga vidole vyake juu yake kimoja kimoja.

— Kamwogeshe ng'ombe, nikasema.

Sijawahi kumwambia hivyo mtu aliyenizidi umri. Bucha aliitazama chupa, akamtazama Mwenyekiti mkononi mwangu, akaenda kuirudisha ndani, na alikaa huko muda mrefu.

Breki alikuwa bado amepiga magoti.

— Tuwafanyeje? akauliza.

— Moto au maji yanayochemka, yule mama akasema. Hawavumilii.

— Birika limejaa?

— Limejaa, nikasema. Kahawa inatokota.

Alikipapasa kiti mara moja, kwenye kile kishikio cha chuma ambacho abiria wa miaka ishirini na miwili wamekisugua mpaka kimeng'aa. Akasimama, magoti yakalia, akasogea pembeni.

— Mimina, binti yangu.

Nikampa yule mama mtoto. Nikalishika birika kwa kitambaa, nikaanzia kona ya Mwenyekiti, nikamimina ndani ya mshono, polepole, mpaka nikafika kona ya pili, kahawa nyeusi inafuka moshi, kunguni wanatoka wanaelea, na Bucha aliyekuwa amerudi anaonyesha kwa chuma chake, pale, pale, umemwacha yule, na Daktari anasema hata popo asingepona hapa, na Breki akacheka tena, huku anafuta macho. Nikamimina mpaka tone la mwisho.

Walibaki wamesimama watatu, wamejipanga ukutani kwa ghala na vikombe vitupu. Mimi nilimfunga mwanangu mgongoni, nikalitundika kapu begani. Daktari alikuwa anampa yule mama kiatu chake na anakataa kulipwa, ndipo akapita mpakia mizigo wa ghalani, amejitwisha ndoo, akasimama kama anavyosimama kila siku saa hiyo.

— Mama, nipatie kahawa ya haraka.

— Imekwisha, nikamwambia. Leo imenywewa na kiti.